Sifa za Boliti ya Puli Iliyopotea

Boliti ya puli ya krenkshafti ni kipande cha chuma kinachofichika kiganjani, lakini katika injini nzima ya gari la zamani hakuna kiungo kinachostahili sifa kuliko hicho, hasa kikishadondoka. Ikiwa mahali pake, hakuna anayeitaja. Haivuji, haiungurumi, wala haimo katika maongezi ya mwenye gari na fundi wake. Heshima yake huanza siku ya kupotea, na ikipata nafasi ya kuchagua, hupotelea penye hadhi: katikati ya mlima Kitonga, gari likipanda kuelekea Iringa kwa gia ndogo, malori ya Tunduma yamejipanga nyuma.

Makazi yake ni ncha ya mbele ya krenkshafti, ambako huibana puli. Puli huvuta mkanda, na mkanda huzungusha feni, pampu ya maji na dainamo. Nguvu ya kuzungusha hupitia kwenye kii, kipande kidogo cha chuma kilicholala katika mfereji kati ya shafti na puli. Boliti yenyewe haizungushi kitu. Cheo chake ni cha mgeni rasmi: hana kazi ya mikono, ila asipokuwepo shughuli haiendi.

Katika Land Rover za Series, zilizoundwa kuanzia mwaka 1948 hadi 1985 na ambazo bado zinaonekana Mbeya na Iringa, boliti hii ina cheo cha pili. Kichwa chake kimechongwa meno ya kupokea hendeli ya kuwashia, inayopenyezwa kwenye tundu la mbele ya gari. Asubuhi ya baridi ya Juni betri iliyochoka ikigoma, hendeli huyauma meno hayo na injini ikaitika. Kwa hiyo boliti ikiondoka, gari hupoteza kwa mpigo mmoja upoozaji wake wa mchana na tegemeo lake la alfajiri. Peugeot 404, pamoja na kushinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mara nne kati ya 1963 na 1968, nayo haiendi mbali puli ikiachia.

Uungwana wake mwingine ni kwamba haiondoki ghafla. Hulegea kwanza, puli ikaanza kucheza, mkanda ukapiga kelele. Mwenye gari, kwa desturi, huupaka mkanda sabuni, kisha hununua mkanda mpya, kisha wa tatu. Hivyo boliti huwa imewanufaisha wauza mikanda kabla haijamnufaisha muuza boliti. Taa ya chaji huwaka, dainamo ikapewa lawama. Wakati huohuo kii inatafuna mfereji wake taratibu. Mwisho boliti hudondoka barabarani na puli husogea mbele kuisalimu rejeta. Mbeya, kwenye kimo cha takriban mita 1,700, maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi, si 100 kama Dar es Salaam. Rejeta ambayo kifuniko chake kimechoka haibani presha, kwa hiyo nayo huchemka mapema. Nyanda za juu zinajulikana kwa baridi, lakini baridi hiyo haimsaidii aliyepoteza feni.

Ndipo huja sehemu tukufu zaidi, yaani kuitafutia mbadala. Mwaka 1948, uleule Land Rover ilipozaliwa, Uingereza, Marekani na Kanada zilikubaliana kuwa na nyuzi za boliti za aina moja. Makubaliano hayakufika kila kona ya kiwanda kwa siku moja, na Land Rover za mwanzo zikachanganya nyuzi za Kiingereza za zamani, zenye pembe ya digrii 55, na mpya za digrii 60. Toyota na Volkswagen zikaja na za milimita. Boliti tatu zinaweza kulingana unene kwa macho, na mbili kati yake zikaharibu shafti. Kipimo cha haki ni vidole: boliti sahihi huingia kwa mkono mizunguko kadhaa bila spana. Inayodai kubembelezwa kwa spana tangu mzunguko wa kwanza irudishwe dukani.

Urefu nao una hila. Boliti ndefu mno hugonga mwisho wa tundu kabla haijaibana puli. Spana husema imekaza, fundi hufuta mikono, na puli inaendelea kucheza. Kisha kuna ugumu wa chuma. Za milimita huandikwa kichwani, 8.8 au 10.9, na kubwa ndiyo ngumu. Boliti ya kenchi isiyo na maandishi ni ya kenchi. Isipopatikana Mwanjelwa, Mbeya, wala Iringa mjini, huagizwa Dar es Salaam, na boliti moja husafiri kwa basi zaidi ya kilomita 800 hadi Mbeya, ikiwa na risiti yake ya kifurushi. Njia nyingine ni kuichongesha kwa fundi wa mashine ya kukereza, kwa sharti kwamba chuma kiwe kigumu na kipande cha ya zamani, kikipatikana, kiende kama sampuli.

Kufunga kwenyewe ni kazi fupi. Betri hutolewa waya. Mfereji wa kii hukaguliwa. Ukiwa umepanuka, kii mpya pekee haitoshi, na kuichomelea puli kwenye shafti ni kumwachia balaa atakayebadilisha sili ya oili. Nyuzi za ndani husafishwa, washa hurudishwa, puli husukumwa hadi ikae. Injini huzuiwa isizunguke kwa kubana flaiwili, au kwa gari kuwekwa gia ya juu na breki kukanyagwa. Boliti hukazwa kwa spana ya kipimo, kwa kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha injini hiyo, kwani kila injini ina chake. Kukaza kwa kuning'inia kwenye bomba hadi uso uwive ni burudani ya gereji, si kipimo.

Baada ya safari ya kwanza, tuseme Mbeya hadi Chimala, injini ikipoa boliti ikaguliwe tena kwa spana ileile. Na mwenye gari akizikuta dukani boliti mbili zinazofaa, azinunue zote mbili.