Shangazi Katika Kiti cha Mtakatifu

Kijiji kikishaingia kwenye orodha ya urithi wa dunia, hakiruhusiwi tena kuwa na barabara inayopitika. Saint-Émilion, kusini-magharibi mwa Ufaransa, kiliorodheshwa na UNESCO mwaka 1999 pamoja na mashamba ya mizabibu yanayokizunguka, na tangu hapo kila jiwe la barabarani lina kinga kama ya mbunge. Hakuna wa kuling'oa, hakuna wa kulisawazisha. Wageni wanaokaribia milioni moja kwa mwaka huyapanda na kuyashuka mawe hayo wakiwa wameshikana mikono, na wenyeji, ambao hawafiki elfu mbili, hukaa kwenye meza za mikahawa wakisubiri kuona nani atateleza.

Mimi nilikwenda na shangazi. Shangazi analima zabibu Hombolo, Dodoma, na alikuwa amekuja kunitembelea Bordeaux nilikokuwa kikazi. Nikajiambia, mkulima wa zabibu umfikishe Ufaransa halafu umnyime Saint-Émilion, utakuja kumjibu nini Mungu? Nikakata tiketi mbili za matembezi ya kuongozwa. Nilipompa habari aliniangalia kwa huruma. "Zabibu nimeziacha nyumbani, mwanangu. Mimi nilitaka kuona maduka."

Treni kutoka Bordeaux ni chini ya saa moja, safari nzuri kabisa. Kasoro yake ni kwamba stesheni ya Saint-Émilion iko mbali na kijiji, mwendo wa kilomita moja na zaidi, katikati ya mizabibu. Siku ile hapakuwa na teksi wala kivuli cha teksi. Tukatembea. Kwa mtu wa kawaida ni dakika ishirini. Kwa mkulima ni ukaguzi. Shangazi alisimama kila mstari, akapima urefu wa mashina kwa goti, akatikisa waya kuona kama umekazwa, akainama chini ya majani. Mbele ya mistari mingi palipandwa waridi, nami nikaanza kumweleza jinsi Wazungu wanavyopenda maua. Akanikatiza. Waridi huwahi kushikwa na ubwiri unga kabla ya mzabibu, kwa hiyo mkulima akiona jani la waridi limepauka anajua wakati wa kupiga dawa umefika. Hakuwahi kuyaona waridi hayo popote, lakini alikuwa ameshaelewa kazi yake. Mimi nilikuwa nimesoma kitabu kizima cha wageni na sikukutana na habari hiyo.

Tulifika jasho likitutoka, kundi likiwa limeshahesabiwa mara mbili. Mwongozaji, binti mpole mwenye sauti ya chini, alitugawia vile visanduku vya kuning'iniza shingoni na vya kuchomeka masikioni, ili asilazimike kupiga kelele. Shangazi alikikataa chake, maana Kiingereza cha redioni hakitaki. Mimi ndiye ningesikiliza na kumtafsiria.

Kile kisanduku changu kilikuwa kinanasa masafa ya kundi jingine.

Sikujua. Kiingereza kilikuwa kilekile, sauti ya kike ileile. Tumesimama chini ya mnara mkubwa wa mraba, mimi namweleza shangazi kwa heshima zote kwamba hapa watawa wa Mtakatifu Ursula, katika karne ya 17, walianza kuoka biskuti za lozi, sukari na ute wa yai, na kwamba siri ya mapishi ilirithishwa hadi leo. Shangazi akainua macho, akaupima mnara kuanzia msingi hadi kileleni.

"Mnara wote huu kwa ajili ya biskuti?"

Mzee mmoja wa Kiingereza ndiye aliyenibadilishia masafa. Kumbe ule ni Mnara wa Mfalme. Mwaka 1199 John, mfalme wa Uingereza aliyekuwa akitawala pia sehemu hii ya Ufaransa, aliwapa wakuu wa mji haki ya kujiendeshea mambo yao, na chombo chao, kinachoitwa Jurade, kikawa ndicho mlinzi wa sifa ya mvinyo wa hapa. Mapinduzi ya Ufaransa yalikifuta, kikafufuliwa mwaka 1948. Siku hizi kila Septemba wanachama wake, wamevaa majoho mekundu, hupanda juu ya mnara huo na kutangaza rasmi kwamba mavuno yamefunguliwa.

"Kwetu anayetangaza mavuno ni mnunuzi," shangazi alisema, "na siku zote anachelewa."

Nikaitafsiri hiyo. Kundi likacheka, na tangu hapo mwongozaji akawa anatuangalia sisi kwanza kabla ya kuanza kueleza jambo. Alipotaja kwamba mzabibu wa Merlot, ndio mwingi zaidi huku, huvunwa mara moja kwa mwaka, shangazi alinyoosha mkono. Mara moja? Mara moja. Na mvua ya mawe ikipiga? Basi mwaka umekwenda. Shangazi akashika shavu. Dodoma, hali ya hewa ikikubali, mkulima anapogoa mara mbili na kuvuna mara mbili, mwezi wa tatu hivi na mwezi wa nane au wa tisa. Akaniomba nimpe mwongozaji pole kwa niaba ya wakulima wote wa Ufaransa. Nilimpa. Binti alijibu kwamba hekta moja ya shamba la daraja la juu hapa inauzwa zaidi ya yuro milioni moja. Nilipomgeuzia shangazi kwa shilingi ikawa mabilioni, naye akanyamaza hadi kona iliyofuata. Pole yake hakuirudisha, lakini hakuirudia pia.

Kona hiyo ndiyo ilikuwa shughuli. Kijiji kimegawanyika juu na chini, na kinachounganisha ni vichochoro vya mteremko mkali vya mawe yaliyong'arishwa na nyayo za karne nyingi. Kimoja kimefungiwa chuma cha kushikilia katikati, jambo linaloeleza hali yote. Shangazi alikuwa amevaa viatu vya kanisani, vya ngozi, soli laini. Nilikuwa nimemwambia avae raba, naye akasema hawezi kwenda kwa mtakatifu na viatu vya mchaka-mchaka. Sasa mwongozaji anasimulia kwamba mawe haya, kwa mujibu wa masimulizi ya mji, yaliletwa na meli za Uingereza zilizokuja zikiwa tupu, zikayabeba ili zisiyumbe baharini, kisha zikarudi na mapipa. Shangazi ananing'ang'ania bega kwa mkono mmoja na chuma kwa mwingine, mguu unasonga kwa sentimita.

"Kwa hiyo walichukua mvinyo wakawaachia mawe," alisema. Hakuna mwanahistoria ambaye amewahi kunieleza biashara ya kimataifa kwa ufupi zaidi.

Chini kabisa ndipo penyewe. Sehemu ya chini ya ardhi huruhusiwi kuiona bila mwongozaji, na ndiyo maana matembezi haya yana wateja hata siku za mvua. Panaanzia kwenye pango la Émilion, mtawa kutoka Vannes, Brittany, aliyeishi hapa katika karne ya 8. Hadithi yake ni tamu. Alikuwa akihudumu kwa mtawala wa kule kwao, akawa anaficha mikate chini ya joho kuwapelekea maskini. Siku moja akabanwa: fungua tuone. Akafungua, mikate ikawa imegeuka vipande vya kuni. Shangazi, ambaye amewahi kuwa mweka hazina wa chama cha msingi, hakuipokea hadithi hiyo kwa wepesi. Alitaka kujua kama ghala lilihesabiwa siku iliyofuata.

Ndani ya pango mna chemchemi, na mna kiti kilichochongwa ukutani. Mwongozaji alikuwa bado anamalizia maneno, mimi namsubiri nitafsiri, na magoti ya shangazi baada ya mteremko ule yalikuwa yamefika mwisho. Akaona kiti. Akakaa. Akavua kiatu kimoja na kuanza kusugua kidole.

Kundi zima likapiga makofi.

Hapo ndipo nami nilipopata sehemu iliyobaki ya maelezo: kiti hicho ni cha mtakatifu, na kwa imani ya wenyeji mwanamke anayekikalia akitaka mtoto hupata. Ofisi ya utalii, binti alisema, hupokea barua za shukrani na picha za vichanga. Shangazi amevuka sitini na tano. Bibi mmoja wa Kimarekani alimshika mkono na kumtakia kila la heri. Shangazi akauliza anapongezwa kwa nini, nikamweleza kwa sauti ya chini kadiri nilivyoweza. Nilidhani atanyanyuka kwa aibu. Aliendelea kukaa, akafikiri, akavaa kiatu chake taratibu, kisha akasimama na kunisukuma mimi.

"Kaa wewe. Wewe ndiye unayedaiwa."

Nyuma yetu kundi jingine lilikuwa limeshaingia, njia ni nyembamba, na shangazi alikuwa ameiziba kwa mwili wake wote. Nilikaa. Makofi ya mara ya pili yalikuwa makubwa kuliko ya kwanza. Matokeo sitayatangaza hapa.

Kisha kanisa. Nimeona makanisa mengi yaliyojengwa. Hili halikujengwa, lilichimbwa. Mwishoni mwa karne ya 11 na mwanzoni mwa karne ya 12 watu waliingia kwenye mwamba wa chokaa na kutoa jiwe hadi likabaki kanisa lenye urefu wa mita 38 na kimo cha mita 12, nguzo zake zikiwa ni mwamba uleule ulioachwa. Karne zilizofuata wakaweka mnara mkubwa wa kengele juu yake. Nguzo zikaanza kulalamika, ikabidi zifungwe vyuma. Mwongozaji alieleza haya kwa utulivu, sote tumesimama moja kwa moja chini ya mnara huo. Shangazi aliniuliza una uzito gani. Maelfu ya tani. Akasogea karibu na mlango.

Simu ni marufuku kupigia picha humo ndani, na shangazi hakupiga. Lakini hakuna aliyesema lolote kuhusu kengele ya vidonge vya presha, ambayo yeye ameiwekea wimbo wa kwaya, sauti juu kabisa, maana nyumbani inabidi ishindane na majogoo. Kanisa la kuchongwa kwenye jiwe halina pazia wala mbao za kumeza sauti. Kwaya ya Dodoma iliimba ubeti mzima huku shangazi akipekua mkoba: miwani, kanga, chupa ya maji, biskuti, miwani ya pili. Wimbo ulikwisha wenyewe. Mwongozaji aliachia kimya kikae kidogo, kisha akasema kwamba hivyo ndivyo mahali hapa palivyokusudiwa kutumika. Nikampenda tangu saa hiyo.

Juu tena, alitusimulia habari ya wabunge wa kundi la Girondin waliokimbia Paris wakati wa Mapinduzi. Mama mmoja, Bouquey, shemeji wa mwanasiasa Guadet wa kijiji hiki, aliwaficha saba katika shimo chini ya nyumba yake, wakishukia kisimani. Mwaka 1794 Guadet na mama huyo walikamatwa na kupelekwa Bordeaux kukatwa vichwa kwa gilotini. Watu waliuliza juu ya siasa. Shangazi aliuliza nani alikuwa anapika chakula cha wanaume saba bila jirani kunusa. Mwongozaji alikiri kwamba kwa miaka yote ya kazi yake hajawahi kuulizwa hilo.

Mwisho wa matembezi huwa ni kuonja. Meza nyeupe, glasi, na ndoo. Bwana mwenye suti alizungusha mvinyo, akanusa, akasukutua mdomo, akautema kwenye ndoo. Shangazi alinigeukia. "Umechacha?" Nikamwambia haujachacha, ndivyo wanavyofanya, ili waonje mwingi bila kulewa. Aliitazama ile ndoo ikijaa. Anajua kilo ngapi za zabibu zinatoa lita ya mchuzi, anajua vibarua wanalipwa kiasi gani, anajua kupogoa jua la saa saba. Akainua glasi yake, akainywa yote polepole hadi tone la mwisho, akaichukua na yangu.

Ukienda Saint-Émilion, basi: raba zenye meno, simu kimya, na hakikisha masafa ya kisanduku chako kabla hamjaondoka. Biskuti za watawa huuzwa zikiwa zimeganda kwenye karatasi. Bandua, usile karatasi kama yule mzee wa Kiingereza. Na kama kuna mkulima katika ukoo wako, mlipie nauli uende naye, hata akisema anataka kuona maduka.