Vifaranga Hawakuhesabiwa

Ukimkuta fundi wa sola amekalia ndoo iliyopinduliwa, kalamu sikioni, anakuuliza una taa ngapi, utadhani kazi yote ni kuzidisha na kugawanya. Na kweli hesabu yenyewe haina matata. Taa tano za LED za wati 7, zikiwaka saa tano, ni wati-saa 175. TV ya inchi 32 inayokula wati 50, nayo saa tano, 250. King'amuzi 75, redio ya Mzee 60, simu za nyumba nzima 60. Jumla 620. Jua kali la kutegemea Singida ni kama saa tano kwa siku, basi gawa kwa tano, ongeza kile kinachopotelea kwenye joto, vumbi na nyaya, unapata paneli ya wati 200 au pungufu kidogo. Betri nayo: 620 gawa kwa volti 12 ni ampea-saa 52. Ukitaka nyumba ivumilie siku mbili za mawingu, zidisha kwa mbili. Na kwa kuwa betri ya asidi haipendi kunyonywa kupita nusu, zidisha kwa mbili tena. Hapo ni betri ya N200. Kontrola: wati 200 gawa kwa 12, ongeza robo, ni ampea 21. Nunua ya 30, ukalale.

Shida ya karatasi ile ni moja tu: haina ndugu.

Nyumba ni ya wazazi wetu, Iramba, mahali ambapo nguzo za umeme zinaonekana kwa mbali ukipanda kichuguu. Kundi la familia la WhatsApp lilipotangaziwa mchango wa sola, kila mtu alichangia haraka sana. Alichangia maoni. Kaka wa Dar es Salaam ndiye aliyetoa kitu cha kushikika: alituma kwa basi paneli ya wati 250, mpya, safi, ya volti 30. Shemeji akaleta kontrola yenye stika ya dhahabu iliyoandikwa MPPT.

Niliipima mkononi kontrola ile. Nyepesi mno. MPPT ya kweli ina koili ndani na mapezi ya chuma ya kupoozea joto, kwa hiyo ina uzito wake. Hii ilikuwa PWM iliyovalishwa stika, na PWM, tofauti na MPPT, haijui kuchukua volti zilizozidi ikazigeuza kuwa ampea. Inaivuta paneli ishuke hadi volti za betri, basi. Paneli ikitoa ampea 8.3, betri ikiwa kwenye volti 13, kinachoingia ni wati 108. Zile nyingine zaidi ya 140 zinabaki juu ya bati, zinaota jua. Lakini ungemwambiaje shemeji? Huyu ndiye mkwe pekee aliyemaliza mahari. Tuliifunga kontrola ukutani, tukamshukuru.

Kisha fundi akapanda juu na kuisimamisha paneli karibu wima, uso mashariki. Nikamwambia huku kusini mwa ikweta paneli huangalia kaskazini, tena kwa Singida inatosha kuiinamisha nyuzi 10 hadi 15, mvua ipate pa kuoshea vumbi. Akanitazama kwa huruma. "Bosi, kwani jua linatoka wapi?" Mzee akacheka, akasema kijana huyu ana akili. Ikifika saa nane mchana paneli ilikuwa imelipa jua kisogo.

Hata hivyo, kwa karatasi, wati 108 asubuhi na makombo ya jioni yangetosha taa na nusu ya mpira. Hayakutosha. Kila siku, kwenye saa tatu usiku, inveta ilianza kupiga mluzi, na kabla hujapata tochi nyumba nzima iko gizani. Siku ya penalti ilizimika mpigaji akiwa tayari ameanza kukimbia. Mzee hakusema neno mpaka kesho yake.

Ikaanza kesi. Mtoto wa shangazi akashtakiwa kwa kuchajia simu za rafiki zake, ingawa simu kumi haziwezi kuimaliza N200. Shemeji akatajwa kwa sababu ya pasi yake ya wati 1000, mashtaka ya uonevu, maana inveta yetu ni ya wati 500 na ingegoma kabla shati halijanyooka. Fundi akaihukumu betri. Mafundi wote huihukumu betri.

Nikazima taa zote, nikachomoa TV, nikabana waya wa betri kwa mita. Ampea sita. Nyumba imelala na kuna kitu kinakunywa! Nikaufuata waya mmoja mweupe uliotoka nyuma ya kabati, ukapita dirisha la jikoni, ukazamishwa chini ya mchanga kwa ustadi ambao fundi wetu hana, hadi kwenye banda. Ndani ya debe lililokatwa ubavu ilining'inia balbu ya glasi ya kizamani, wati 60, na chini yake vifaranga themanini wamejitandaza juu ya pumba, mabawa wazi, macho yamefumba nusu, wanastarehe. Ikiwaka usiku mzima, saa 12, ni wati-saa 720. Vifaranga walikuwa wanakula umeme kuliko nyumba.

"LED haina joto, mwanangu," Mama alisema nyuma yangu, bila hata kuulizwa. "Niliwawekea, wakarundikana kwenye kona. Huu upepo wa Juni unaujua?"

Mzee akataka kikao. Mama akakifunga kabla hakijafunguliwa: "Kuku ndio waliowasomesha hawa. Hiyo TV imemsomesha nani?"

Fundi aliitwa tena, akapindua ndoo, akaandika upya. Na vifaranga, jumla 1,340. Paneli wati 400, kontrola ya ampea 50 iliyo MPPT moyoni na si kwenye stika tu, na N200 mbili ambazo, ukihesabu zile siku mbili za mawingu, bado zinapungua kidogo. Nikaipiga picha karatasi nikaitupia kwenye kundi la familia. Tiki za bluu zilijaa zote. Majibu, mpaka leo, ni kidole gumba kimoja cha Kaka.

Kupasha joto kwa sola ya mfuko wetu hakuwezekani, na Mama, ambaye hesabu anazijua kuliko fundi, amekubali kurudisha jiko la mkaa bandani, madirisha yakiwa wazi juu moshi upate pa kutokea. Mzee amerudishiwa mpira wake. Ila juzi Mama amenipigia simu, akaniuliza habari za kazi, habari za watoto, habari za mvua, kisha kwa sauti ya upole sana: eti mashine ya kutotolea mayai hula wati ngapi?