Ombi la Mizani Mlangoni mwa Kanisa

Kwa Baba Maaskofu, Wachungaji, Mapadre, Wainjilisti, Mitume na Manabii wa Mbeya na Iringa.

Bwana Yesu asifiwe. Kwa walio upande wa Roma, Tumsifu Yesu Kristo. Kwa manabii wenye spika zinazosikika hadi kijiji cha pili, shalom, ingawa nyinyi hamjawahi kungoja salamu ya mtu ndipo muanze.

Nawaandikia kuwashukuru kwa upendo. Mahubiri hayaishi bila kuutaja. Mhubiri hupangusa jasho, hushusha sauti na kusema kwamba sisi tunampenda mwenye dhambi, tunachukia dhambi yake. Kisha sauti hupanda, na nusu saa yote inayobaki ni ya ushoga. Upendo umeshapata sentensi yake moja, uketi sasa.

Katika usharika mmoja nisioutaja, upendo huo ulimfikia kijana wa kwaya, sauti ya tatu. Hakukutwa na lolote. Ilionekana tu kwamba umri umekwenda na hajaoa, na kwamba mwendo wake una kasoro ambayo kila mtu aliiona na hakuna aliyeweza kuieleza. Wazee walimwita kwenye kikao. Akaambiwa anapendwa. Akaambiwa arudishe sare. Jumapili iliyofuata akasimamishwa mbele akakemewa pepo, watu wakimnyooshea mikono, wengine wakimnyooshea simu. Sasa anaishi mji mwingine. Mama yake amehamia ibada ya kwanza, ya alfajiri, ili asikutane na wanaomwombea.

Ombi letu kubwa ni moja. Kwa kuwa mmeshatufundisha kwamba dhambi hazilingani uzito, tunaomba kila kanisa lifungiwe mizani mlangoni, kama ile ya malori pale Wenda. Mnapita pale mkienda semina zenu, mnaona malori yalivyojipanga. Lori la ekseli saba halipiti likizidi tani 56, hata kama mwenye lori ni mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Basi nasi tupangwe vivyo hivyo. Ibada ianze mapema ili foleni isifike barabara kuu, na mzee wa zamu akae na kitabu cha risiti.

Apande kwanza mnunuzi wa viazi, yule anayemfungisha mkulima wa Uporoto lumbesa kisha akalilipia bei ya gunia moja, na faida akaitolea kanisa kinanda. Tani zake zisomwe kwa sauti, kama yanavyosomwa matoleo. Afuate aliyeuza mbolea ya ruzuku kwa bei ya magendo. Afuate mhazini wa hela za bati. Hapo kengele italia sana, tutavumilia. Mzee mwenye nyumba mbili apimwe ekseli kwa ekseli, nyumba kubwa kwanza na ile ndogo baadaye. Atakayezidi ashushe mzigo pembeni, palepale kwenye bustani ya akina mama, ndipo aingie. Tunajua mpimaji atatafuta chai, na wapo watakaopita njia za panya usiku wa mkesha. Hayo tutayasamehe. Sisi tunachotaka ni kijana wetu wa sauti ya tatu naye apandishwe, palepale mbele ya wote, tuone mizani inasoma ngapi.

Wala msihofu kwamba mizani itapingana na Maandiko. Ezekieli, sura ya 16, ameshaipima Sodoma, na alichokikuta ni kiburi, shibe na maskini asiyeshikwa mkono. Hayo ni mambo ya lumbesa.

Mengine ni madogo. Anayefukuzwa arudishiwe zaka zake, na riba juu, kwa kiwango cha saccos ya usharika. Jogoo aliyemnunua kwenye mnada wa mavuno kwa bei ya mbuzi tutawaachia. Na anayehubiri kwamba ushoga umeletwa na wazungu aanze kwa kuvua kola: Wamoraviani walipiga hodi Rungwe mwaka 1891, na hadi leo hatujawarudishia walichokuja nacho. Hata kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kile kinachoyaadhibu matendo haya na tunachokitetea kama urithi wa mababu, kina mizizi kwenye sheria za Mwingereza. Babu zetu wamesingiziwa mengi.

Kuna pia suala la kusoma. Waanglikana wanalipenda azimio la Lambeth la mwaka 1998, lililosema matendo haya hayapatani na Maandiko. Azimio hilohilo liliwataka maaskofu wawasikilize watu hawa na kuwahakikishia kwamba Mungu anawapenda. Labda nakala zilizofika huku zilichanika njiani. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2358, inaagiza wapokewe kwa heshima na huruma, bila kubaguliwa pasipo haki. Januari 2023 Papa Fransisko alisema kwamba kuwa shoga si kosa la jinai, na kwamba maaskofu wanaounga mkono sheria za kuwafunga watu hawa wanahitaji kuongoka. Kwa hiyo mafuta ya upako yakibaki, tunajua pa kuyapeleka.

Naomba radhi, lakini hapa adabu inanishinda. Oktoba 2018, Paul Makonda akiwa mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam aliwataka wananchi wamtumie majina ya mashoga, akasema heri aziudhi nchi za nje kuliko kumuudhi Mungu. Serikali yenyewe ilijitenga naye, ikasema hayo ni mawazo yake. Serikali! Kanisani kwetu nilichosikia ni amina. Kifungu cha 154 kinaanzia miaka 30 jela na kinaishia kifungo cha maisha. Kwa hiyo anayemsimamisha mtoto wa watu madhabahuni huku simu zinarekodi hamwombei. Anamtangazia polisi.

Na sisi wa mikoa hii ndio wa mwisho kabisa tunaopaswa kucheza mchezo huo. Utafiti wa taifa wa 2022-23 uliikuta Njombe, jirani yetu, na asilimia 12.7 ya watu wazima wanaoishi na VVU, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, wakati nchi nzima ilikuwa 4.4. Mnawajua hao, kwa kuwa nyinyi ndio mnaowazika. Mwaka 2017 Wizara ya Afya ilisimamisha huduma za vituo 40 vilivyokuwa vikiwahudumia walio hatarini zaidi kupata VVU, mashoga wakiwemo. Mtu akishaitwa laana Jumapili, Jumatatu atakwenda zahanati ipi kujieleza, wakati nesi wa dirishani ndiye anayeimba soprano? Atakaa nyumbani. Ataugua kimya kimya. Halafu mtakuja na magari mawili kumzika, mseme Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Bwana mnamsingizia.

Nirudi kwenye heshima. Hatujawaomba mfungishe ndoa ya mtu yeyote, wala mbadilishe fundisho kabla ya sinodi ijayo. Tunaomba yanayowezekana wiki hii. Simu ziwekwe chini wakati wa maombezi. Wazee waliokaa kile kikao waende kwa yule mama, kwa miguu, bila spika, wakae naye. Kijana arudishiwe sare yake na nafasi yake kwenye sauti ya tatu, ambayo tangu aondoke imebaki na watu wawili na mmoja wao ana kikohozi. Haya yakiwashinda, basi tamkeni wazi kwamba hamuwapendi, tujue moja.

Majibu msiniletee mimi. Mpelekeeni mama yake.

Msharika mwenzenu,
Mbeya