Waheshimiwa, Tuanzishieni Kozi ya Kurudi Jana

Kwa Makamishna wa Bodi ya Parole, Jimbo la New York

Najua muda wenu ni haba. Hata mfungwa mwenyewe anayeomba kuachiliwa mnampa dakika chache tu, mara nyingi kupitia skrini. Sitawachosha.

Sheria ya 2011 iliwataka mtazame mbele: mtu huyu akitoka leo, ana hatari gani kwa jamii? Mkaletewa COMPAS, kipimo cha kompyuta cha kukadiria hatari hiyo. Kikisema ni ndogo, mnakishukuru, kisha mnarudi kwenye taarifa mnayoipenda: uzito wa kosa. Vyeti, shahada na miaka ya nidhamu vinabaki failini. Kosa ndiyo taarifa pekee isiyobadilika, nanyi mnamkatalia mtu kutoka na kumpa hadi miezi 24 akaibadilishe.

Basi naomba kwa unyenyekevu mwanzishe magerezani Kozi ya Kurudi Jana. Basi liondoke alfajiri, wafungwa wakishahesabiwa. Kila mmoja apewe mkate, kiti cha dirishani na barua ya ruhusa yenye mhuri, asije akakamatwa huko mwaka 1983 kwa kutoroka. Afike kabla ya tukio, ajishike mkono, ajisindikize nyumbani. Askari wa zamu ashuhudie na kusaini nakala tatu. Jioni wawahi kuhesabiwa. Ila aliyekwisha kufuta kosa lake hatakuwa na sababu ya kurudi gerezani. Hilo mtaliundia kamati.

Mengine ni madogo. Sentensi mnayoirudia kila mnapokataa ombi, ichongesheeni mhuri. Kipimo, kama ni pambo, kipigwe mnada.

Mfano mmoja mnaujua: mfungwa John MacKenzie aliua askari polisi mwaka 1975. Hakuna anayelipunguza hilo, na familia ya marehemu ina haki ya kusikilizwa. Gerezani alisoma hadi shahada, akaanzisha programu ya kuwafanya wafungwa watambue maumivu ya waliowaumiza. Mei 2016 jaji aliitia Bodi hatiani kwa kudharau amri ya mahakama katika shauri lake. Mkamkatalia tena, mara ya kumi. Agosti akajiua, ana miaka 70. Karatasi zote mlikuwa nazo! Mlizifanyia nini?

Niwieni radhi, adabu iliniponyoka kidogo.

Ombi la mwisho halina gharama. Kama jibu lenu linatoka kwenye hati ya mashtaka, mpeni mfungwa jibu hilo siku ileile anayohukumiwa, ajue mapema kwamba kujirekebisha hakumo kwenye hesabu zenu.

Wenu mtiifu.