Ainisho Fupi la Ari za Ofisini

Ari ya kazi huzaliwa, huimba, hula pilau, kisha hufa. Wataalamu wa rasilimali watu wamechunguza sana kuzaliwa kwake. Makala haya yanahusu umri wake, na yanaziainisha ari za ofisi za Tanzania kwa kuanza na ile inayowahi kufa.

Inayotangulia ni ari ya fulana. Huibuka mwishoni mwa Aprili, afisa utumishi anapoingia na maboksi, na makazi yake ni uwanja wa mpira tarehe 1 Mei. Fulana zote huwa za saizi moja: mhasibu mwembamba huonekana amevaa kanzu, na dereva mnene huonyesha kitovu. Mgongoni kuna kaulimbiu ndefu, ambayo huwezi kuimaliza bila kumfuata mwenyewe hadi langoni. Ari hii huisha pamoja na soda. Fulana yenyewe huishi zaidi. Ifikapo Septemba inapiga deki.

Ndani ya jamii hii yumo mfanyakazi bora. Hupewa cheti, akibahatika na bahasha. Imeonekana kwamba tuzo hiyo hupandisha ari ya mtu mmoja na kuteremsha ya idara nzima, kwani kuanzia Jumatatu wenzake humrundikia kazi zote: "Si wewe ndiye bora?"

Ari ya posho hufugwa hotelini, Morogoro au Bagamoyo, kwa kuwa haistawi mahali ambapo mtu analala kwake. Mada ya semina yaweza kuwa hiyo hiyo ya kuimarisha ari. Hufa fomu za malipo zikishasainiwa, hata kama mtoa mada bado anaongea.

Ari ya mshahara ni mnyama mkubwa, si wa kufanyiwa mzaha. Mei Mosi ya 2025, mjini Singida, Rais Samia alitangaza kima cha chini serikalini kupanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai. Shangwe zile hazikuhitaji fulana. Hata hivyo Frederick Herzberg, mwanasaikolojia wa Marekani, alishadai mwaka 1959 kwamba mshahara mzuri huondoa manung'uniko zaidi ya kuleta ari. (Inaelekea hakuwahi kulipa ada za shule mwezi Januari.)

Ipo spishi moja iliyotoweka. Mwongozo wa TANU wa 1971 uliwakataza viongozi majivuno na uonevu, na wafanyakazi wa viwanda kadhaa wakausoma kwa makini kuliko ilivyotarajiwa: wakawafungia mameneja nje ya lango. Ari ilikuwa juu kweli kweli. Wakubwa wakaona imezidi kipimo, na tangu hapo sera imekuwa kuiweka kati ya usingizi na tabasamu.

Inabaki ari ya faili, adimu kuliko zote, na mwandishi anakiri kuipendelea. Huonekana pale dokezo la likizo linapojibiwa ndani ya wiki, malimbikizo yanapolipwa bila mtu kupanda ngazi mara nne kuulizia, na aliyestahili kupanda daraja anapopanda bila kuambiwa suala lake liko kwenye mchakato. Mtumishi aliyetendewa hivyo hapigi vigelegele. Hubaki ofisini hadi saa kumi na moja kumalizia jedwali ambalo hakuna aliyemwomba, na mwakani yuko vile vile. Bosi wake akihamishwa, huuliza alikopelekwa.

Ari hii haina bango wala kaulimbiu, na gharama yake ni wino wa saini. Hapo ndipo penye kikwazo chake cha kisayansi: isiyo na bajeti haiundiwi kamati, pasipo kamati hapana kikao, na pasipo kikao hapana posho ya kikao. Kwa hiyo haijapata mtu wa kuipendekeza, na maboksi ya fulana za mwakani yameshaagizwa.