Sifa za Barua ya Kujieleza

Waswahili tumesifia nazi, tumesifia jahazi, tumewasifia hata viongozi ambao hawakuomba. Sijui ilikuwaje tukaisahau barua ya kujieleza, maandishi yanayosomwa kwa makini kuliko yote hapa nchini. Riwaya utaruka kurasa, gazeti utaishia kwenye michezo. Barua hii huruki hata nukta. Utaisoma umesimama, utaisoma umeketi, na usiku utamsomea mwenzio kitandani akusaidie kupima kama yale maneno "mara moja" yameandikwa kwa hasira au ni mazoea tu ya ofisi.

Tazama kwanza inavyoingia. Mhudumu anakuja na bahasha ya kaki yenye muhuri mwekundu wa SIRI, pamoja na daftari la kusaini. Ameipitisha masijala, imechapwa na katibu muhtasi, imesubiri sahihi mezani kwa mkuu wa idara, kwa hiyo mpaka inakufikia wewe mhusika, mama wa chai ameshakupa pole. Unafungua. "Yah: KUTAKIWA KUTOA MAELEZO." Chini yake: "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Kisha sentensi moja ndefu isiyo na pa kupumulia, inayokutaka ueleze kwa maandishi kwa nini usichukuliwe hatua za kinidhamu. Nakala: faili lako binafsi.

Wasioipenda husema ni chombo cha kutisha watu. Huko ni kutojua ukoo wake. Barua hii imezaliwa katika nyumba ya haki: mtu asihukumiwe kabla hajasikilizwa. Tanzania ilitunga Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini mwaka 2004, na kanuni zake za mwaka 2007 zinataka mtuhumiwa apewe muda wa kutosha kujiandaa kwa kikao cha nidhamu, kwa kawaida usiopungua saa 48. Kenya nayo, katika Sheria ya Ajira ya 2007, inamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi kosa lake kwa lugha anayoielewa, tena mbele ya mwenzake aliyemchagua mwenyewe. Nani atapinga hayo? Uzuri ni kwamba maofisi yetu hayakuridhika na kazi moja. Chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya mwizi wa mafuta na mtoro wa kudumu kimepewa majukumu mapya, na sasa kinamfuata pia muuguzi aliyesema dawa mbili zinafanana chupa, na mtunza stoo aliyekiri kwamba hesabu haikukaa sawa.

Sifa yake ya kwanza ni kukuza lugha. Watu waliomaliza shule bila kuandika insha moja ya maana wamekomaa kiuandishi mikononi mwake. Majibu yana kanuni zake kama shairi lilivyo na vina. Unaanza kwa kukiri kuipokea barua "yenye kumbukumbu namba" fulani. Unasikitika. Unaleta "sababu zilizo nje ya uwezo wangu", maneno sita ambayo sijui utumishi wetu ungeishi vipi bila hayo. Unagusia umeme, mtandao na msiba. Unafunga kwa "naahidi kutorudia" na "naomba kuwasilisha". Kwenye steshenari iliyo jirani na ofisi yoyote kubwa, kijana wa kompyuta anabadilisha jina na tarehe tu; mengine yamo. Kilichotokea hasa, kwa nini kimetokea na kama kesho kitatokea tena, hayo hayana aya yake, na hakuna anayeyauliza.

Ina nidhamu pia ya kujua njia. Kama maji, inateremka tu. Gari la ofisi likiharibika kwa kukosa matengenezo yaliyoombwa mara kadhaa kwa dokezo, barua itampata dereva. Mfumo wa malipo ukikwama kwa sababu mkandarasi alichaguliwa kwa undugu, itampata karani. Sijawahi kuiona ikipanda ngazi, na nadhani ni heshima: wakubwa wana shughuli nyingi, nani atawapa saa 48?

Lakini kazi yake tukufu kuliko zote ni utulivu inaouleta. Nendeni kwenye kituo chochote cha afya ambako barua hizi zimetembea vya kutosha, mkatazame friji ya chanjo. Mlangoni pamebandikwa chati ya joto. Chanjo zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na kipimo husomwa asubuhi na jioni. Chati nzuri ya mahali palipo na amani husomeka hivi: 4, 4, 5, 4, 4, 5, mwezi mzima, kwa kalamu ileile, mwandiko uleule, wino haukupauka wala kukolea. Umeme ulikatika Jumapili kutwa, mtaa mzima unajua, mwenye bucha jirani alitupa nyama. Friji ilibaki 4. Niliwahi kuonyeshwa chati iliyokwishajazwa mpaka jioni ya siku hiyo, nasi tulikuwa hatujanywa hata chai ya saa nne.

Msiharakishe kumlaumu muuguzi. Mwenzake aliyemtangulia aliandika 11 kwa sababu kipimo kilisoma 11, na aliyoyapata kwenye bahasha ya kaki yanajulikana. Somo likamwingia kila mtu bila semina wala posho. Tatizo dogo lililobaki ni kwamba chanjo haisomi chati. Ya pepopunda, kwa mfano, ikiganda huharibika, na ukiitazama chupa huwezi kung'amua kirahisi. Mtoto atachomwa, kadi itajazwa, mama atashukuru na kuondoka. Funika kombe mwanaharamu apite, ndivyo tulivyofunzwa, na huyo mwanaharamu apitaye siku hizi huja na gari la usimamizi shirikishi, husaini kitabu cha wageni na kuandika "hali ni nzuri".

Maadui wa barua hii wapo, na wengi wao wana shahada. Amy Edmondson, Mmarekani, alikuwa bado mwanafunzi wa udaktari katika miaka ya 1990 alipokwenda hospitalini kuchunguza makosa ya utoaji wa dawa. Alitarajia kwamba wodi zenye viongozi wazuri na ushirikiano mzuri zingekuwa na makosa machache. Takwimu zikamgeukia: wodi bora ndizo zilizoonekana kuwa na makosa mengi zaidi. Akatumwa mtafiti mwingine asiyejua matokeo hayo akae wodini aangalie tu. Aliporudi, mambo yakaeleweka: katika wodi zile nzuri watu walikuwa wanayasema makosa yao waziwazi, na katika nyingine walikuwa wanayameza. Mwaka 1999 Edmondson akachapisha makala kuhusu timu ambazo mtu anaweza kuuliza, kukiri au kupinga bila kuogopa kuaibishwa, akionyesha kwamba huko ndiko watu wanakojifunza. Utafiti mzima huo, na nauli zote hizo! Karani yeyote wa masijala angemweleza bure kwamba idara isiyo na kosa hata moja kwenye faili ni idara iliyowahi kuungua.

Halafu kuna marubani, na hawa ndio wanaoniudhi hasa. Tarehe 1 Desemba 1974 ndege ya shirika la TWA, safari namba 514, ilikuwa inakwenda kutua Dulles, karibu na Washington, katika hali mbaya ya hewa. Marubani wake walikielewa vibaya kibali cha kukaribia uwanja, wakashuka mapema mno na kugonga mlima huko Virginia. Watu wote 92 walikufa. Uchunguzi ukaonyesha kwamba wiki sita kabla, ndege ya United ilikuwa imeteleza kwa namna hiyohiyo, mahali hapohapo, ikanusurika chupuchupu. Marubani wake walisema, na shirika lao likawatahadharisha wenzao wa humohumo ndani. TWA hawakuzipata habari hizo.

Sisi tungejua la kufanya. Tungemwandikia barua yule aliyenusurika. Wamarekani wakafanya kinyume: mwaka 1976 wakaanzisha utaratibu ambao rubani, mwongoza ndege au fundi aliyekosea anajiandikia taarifa mwenyewe, hajaombwa na mtu. Haipeleki kwa mamlaka ya usafiri wa anga yenye uwezo wa kumnyang'anya leseni. Anaipeleka NASA, ambao hawana leseni ya kumnyang'anya. Akiiwasilisha ndani ya siku 10, na kosa likiwa la bahati mbaya, lisilo la jinai wala ajali, kwa kawaida hapewi adhabu hata kama atabainika kuwa amevunja kanuni. Na sehemu ya fomu yenye jina lake? Inakatwa, inagongwa muhuri wa tarehe, anarudishiwa mwenyewe. Kinachobaki ni kisa kitupu: palitokea nini, saa ngapi, kwa nini. Taarifa zaidi ya milioni moja zimekusanywa kwa njia hiyo, na maonyo yanayotokana nazo wanasomewa hata washindani wa kibiashara.

Mtu mwenye moyo mwepesi anaweza kuvutiwa. Anaweza hata kusema kwamba hiyo nayo ni barua ya kujieleza, ila imegeuzwa ndani nje: yetu inatunza jina na kupoteza kisa, yao inatunza kisa na kurudisha jina. Mimi natetea cha kwetu. Ukianza kujua makosa yote yanayotokea, utalazimika kununua friji mpya, kubadilisha chupa za dawa zinazofanana, na kumsikiliza dereva. Bajeti ya mambo hayo iko wapi? Barua inagharimu karatasi moja na bahasha, na kufikia saa tisa mchana suala limekwisha, mtu amepatikana.

Hata hivyo, ili nisionekane mshamba, nilimpelekea wazo hilo la marubani afisa utumishi mmoja ninayemheshimu, mtu muungwana, karibu anastaafu. Nikamweleza kila kitu: mtumishi anaandika kosa lake mwenyewe, kipande chenye jina kinakatwa, anarudishiwa, hakuna anayemgusa, nasi tunabaki na kisa ili tujifunze. Alivua miwani, akaifuta taratibu kwa ncha ya tai.

"Wazo zuri sana, mwalimu," akaniambia. "Tungeweza hata kuanza nalo mwaka huu wa fedha. Kuna kitu kimoja tu hujanielewesha. Jina likishakatwa, nakala tutaiweka kwenye faili la nani?"