Kila Mtu Anataka Lami

Mituweli, bima yetu ya afya hapa Rwanda, nalipa, tena silalamiki. Kwa miaka mingi familia za hali yangu tumetoa faranga 3,000 kwa kichwa kila mwaka, na kwa pesa hiyo mtoto anatibiwa kituo cha afya kwa kuongeza faranga 200 tu. Wenzetu wa Goma, hapo tu ng'ambo ya mpaka, watakwambia hiyo ni neema.

Shida yangu ni dimbwi. Mjukuu anaumwa tumbo, anapewa dawa ya minyoo, anarudi nyumbani mbio na kutua miguu miwili katikati ya dimbwi lile lile. Haya, tafuteni 200 nyingine. Dawa imo katika mpango wa afya, dimbwi limo katika mpango wa barabara, na mipango hiyo, ingawa mwaka wake wa fedha unaanza siku moja, tarehe 1 Julai, haijawahi hata kuamkiana. Mtu wa afya ukimgusia dimbwi anakuelekeza kwa mtu wa barabara. Wa barabara anakuuliza, kwani mtoto kapimwa?

Lakini wakubwa nisiwaonee, maana sisi watu wa Nyamyumba ni balaa zaidi. Umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ukiisha, tunakaa na majembe yetu tuulizwe tunataka nini, na jibu ni moja: lami. Mwenye nyumba za kupangisha anataka ipite mlangoni pake. Wa pikipiki anataka. Yuko mzee mmoja hana hata baiskeli, na kwake hufiki bila kushikilia migomba. Naye anataka lami.

Siku moja nikaomba mtaro. Wakanigeukia kana kwamba nimeomba jeneza.

"Mtaro wa nini, mwalimu? Maji yanajua yenyewe njia ya ziwani."

Yanajua sana! Njia yenyewe ni jikoni kwangu. Milima imesimama juu yetu, Ziwa Kivu liko chini, na mvua ikipiga huko juu vinateremka udongo, kandambili na vya chooni kwa jirani. Wala si mchezo: usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mto Sebeya ulifurika humu humu wilayani kwetu Rubavu, na mvua ya usiku ule ikaua watu zaidi ya 130 Magharibi na Kaskazini mwa nchi. Baada ya hapo neno mtaro likapata heshima. Kisha jua likawaka.

Na kusema kweli, lami ina bahati yake. Tangu 2006 mameya wanatia saini imihigo, yaani mikataba ya malengo, mbele ya Rais na baadaye wanapimwa. Lami inahesabika kwa kilomita na inapigwa picha. Mtaro ukifanya kazi vizuri, hakuna kinachotokea. Utampigaje picha mtoto ambaye hakuharisha?

Basi mtaro tunajichimbia wenyewe kwa umuganda, na usipoonekana bila sababu faini yaweza kufika faranga 5,000. Masika yakiingia udongo unarudi mahali pake, na sisi tunarudi na majembe. Migongo ikikataa tunashuka kwenye amashyuza, chemchemi za maji ya moto kando ya ziwa, tunajiloweka hadi vidole vikunjamane. Angalau maji yale ya moto hayaulizi kadi.

Juzi nikabadili mbinu. Nikawaambia wenzangu mkutanoni: lami isiyo na mtaro inaliwa na maji pembeni, masika mawili imekwisha. Mwenye nyumba za kupangisha kusikia "lami" akapiga makofi, wengine wakamfuata. Katibu akaandika: wananchi wanaomba lami.

"Na mtaro," nikasema.

Akaniangalia, akaangalia saa, akainama tena kwenye daftari na kuongeza kwa herufi ndogo: pamoja na mengineyo.